Ndondi na Njia Zake: Historia ya Mchezo wa Ngumi Ikitazamwa kutoka Kasongo na Kabambare

Historia ya ndondi nchini Kongo kwa kawaida huanzia na kuishia Kinshasa, katika usiku mmoja wa mwaka 1974, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya nchi huonekana ndani yake kama umati tu unaosikiliza kwa mbali. Ikitazamwa kutoka kusini mwa Maniema, yaani kutoka mji wa Kasongo ulio upande wa mashariki wa mto Lualaba, na kutoka Kabambare iliyo zaidi ya kilomita 100 kuelekea Ziwa Tanganyika, historia hiyo hubadilika sura. Swali kubwa hapo ni jinsi mchezo unaohitaji watu wawili wenye uzani sawa, mwalimu mmoja mvumilivu na kiwanja cha kufanyia mazoezi ulivyoota mizizi mahali fulani na kuchelewa pengine. Mpigaji mmoja mmoja anaweza kuzaliwa popote, lakini klabu ya ndondi ni zao la njia: ilizaliwa walikopita askari, mmisionari na mwajiri, nayo hudumu pale tu ambapo klabu moja inaweza kuifikia klabu nyingine.

Ugomvi wa ngumi hauna mwanzo unaoweza kuandikwa, kwa kuwa hakuna jamii iliyohitaji kufundishwa kugombana. Kinachoandikika ni ndondi, ambazo Tanzania huitwa pia masumbwi, nazo ni ugomvi uliofungwa ndani ya kanuni. Kanuni ambazo ndizo msingi wa mchezo hadi leo zilichapishwa London mwaka 1867 kwa jina la Markizi wa Queensberry, ingawa aliyeziandika hasa ni John Graham Chambers. Ziliamuru kwamba wapiganaji wavae glovu, kwamba raundi, yaani kipindi kimoja cha pambano, ichukue dakika tatu na kufuatiwa na dakika moja ya mapumziko, kwamba mieleka ikome, na kwamba aliyeanguka apewe sekunde kumi za kuinuka bila msaada wa mtu. Katika mwaka huohuo wa 1867, kusini mwa Ziwa Tanganyika, David Livingstone alikutana na mfanyabiashara kijana wa Zanzibar aliyeitwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye miaka michache baadaye angeifanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Matukio haya mawili hayana uhusiano wowote, lakini yanaonyesha kwamba ndondi za glovu na Kasongo kama kitovu cha biashara ni marika, jambo linalosahaulika kila mji huo unapoelezwa kana kwamba umekuwa pembezoni siku zote.

Kabambare nayo ndiyo Bambare ya shajara za Livingstone, ambako vidonda vya miguu vilimzuia kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871, kabla hajaondoka kwenda kwenye soko la Nyangwe kando ya Lualaba. Miji yote miwili ilisimama juu ya njia ya misafara iliyovuka ziwa kutoka Ujiji, njia ambayo pembe za ndovu na watumwa walipelekwa mashariki huku nguo, shanga na bunduki zikija magharibi. Na pamoja na bidhaa hizo vilikuja Kiswahili, misikiti, vyuo vya Kurani, kilimo cha mpunga na desturi nyingi za pwani. Huko pwani kupimana nguvu kwa adabu hakukuwa jambo geni, kwa maana mchezo wa kirumbizi, ambamo watu wawili wenye fimbo huzungukana na kushambuliana kwa kufuata mapigo ya ngoma na sauti ya zumari, ulikuwa tayari na duara lake, watazamaji wake na mpaka kati ya ustadi na ukatili. Fikra kwamba mapigano yanaweza kuwa sanaa yenye kanuni haikusubiri meli ya Mzungu.

Kilichosubiri meli ni kambi ya jeshi. Katika vita vya miaka ya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na wakuu wa biashara wa Kiarabu na Kiswahili, majeshi yaliyoongozwa na Francis Dhanis yaliiteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo, kisha Kabambare ikaanguka Januari 1894. Tangu hapo miji hiyo ikawa vituo vya askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni lililoajiri Waafrika chini ya maofisa Wazungu, na utii wa askari hao haukuwa wa kutegemewa sana: wale walioasi dhidi ya Dhanis huko Ndirfi mwaka 1897 walifika hadi Kabambare na kuishika kwa muda mwishoni mwa 1898. Baadaye Lokandu, kaskazini mwa Kindu, ikawa na kambi kubwa iliyolifanya jeshi kuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya Maniema. Kambi ilileta kitu ambacho msafara haukuwa nacho, nacho ni saa iliyopangwa ya kuufundisha mwili, kwa gwaride na mazoezi ya viungo, mbele ya mtu anayehesabu.

Katika makoloni jirani ya Waingereza saa hiyo ilizaa ndondi moja kwa moja. King's African Rifles, jeshi la Waafrika wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, liliuchukua mchezo huu kuwa sehemu ya malezi ya askari, na mfano wake unaojulikana kuliko yote ni Idi Amin, aliyekuwa bingwa wa Uganda wa uzani mwepesi wa juu kwa takriban miaka tisa kuanzia 1951. Askari wa Kongo hawakuwa mbali na mazingira hayo, kwa kuwa baada ya kuwashinda Waitalia huko Saio, Ethiopia, tarehe 3 Julai 1941, Force Publique ilituma vikosi Nigeria, Misri na Palestina, ambako viliishi jirani na majeshi ya Kiingereza kwa miezi mingi. Yeyote anayetaka kuelewa jinsi michezo ilivyosafiri Afrika ya kati na mashariki anapaswa kuzitazama kambi hizo za vita kwa makini kuliko shule, kwa sababu kambini kijana wa kijijini alikutana na kijana wa nchi nyingine akiwa na tumbo lililoshiba na jioni isiyo na kazi.

Hata hivyo watawala waliupenda mchezo huu kwa masharti. Mweusi kumpiga mweusi lilikuwa zoezi la afya, lakini mweusi kumpiga mweupe mbele ya watu lilikuwa jambo la siasa, na hofu hiyo ilikuwa na tarehe zake. Jack Johnson, Mmarekani mweusi, alipomshinda James Jeffries huko Reno tarehe 4 Julai 1910, filamu ya pambano hilo ilizuiwa katika miji mingi ya Marekani na katika sehemu mbalimbali za milki ya Uingereza. Louis Mbarick Fall wa Senegal, aliyejulikana kama Battling Siki, alipomwangusha Georges Carpentier mjini Paris tarehe 24 Septemba 1922, serikali ya Uingereza ilimkataza kupigana London na Joe Beckett, ikihofia namna habari hizo zingepokelewa makoloni. Katika Uingereza yenyewe mtu asiye mweupe hakuruhusiwa kugombea ubingwa wa taifa hadi mwaka 1948. Mpira wa miguu, ambao una wachezaji 22 na huugawa ushindi miongoni mwa watu kumi na mmoja, haukubeba hatari hiyo, na pengine hapo ndipo penye sababu kubwa ya mpira kutangulia na ndondi kufuata nyuma karibu kila mahali palipotawaliwa.

Wamisionari walifikiri kwa namna inayofanana na hiyo. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, walijenga misheni Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20, katikati ya mji ambao Uislamu ulikuwa umekwisha kuota mizizi, na kazi yao ilikua hadi Kasongo ikawa vikarieti ya kitume mwaka 1952 na jimbo kamili mwaka 1959. Katika eneo lote la Kivu ya zamani, ambalo Maniema ilikuwa sehemu yake, vijana wa parokia walikusanywa katika vyama kama Xavéri, kilichoanzishwa mwaka 1952 na padre Georges Defour, ambamo nyimbo, matembezi na michezo vilienda sambamba na katekisimu. Huko Léopoldville, padre Raphaël de la Kethulle wa shirika la Scheut, ambaye watoto wa mji walimwita Tata Raphaël, aliisogeza kazi hiyo mbali zaidi kwa kuanzisha vyama vya michezo na kujenga viwanja, kikiwemo kile kikubwa kilichofunguliwa mwaka 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin. Uwanja huo ndio ulioitwa baadaye 20 Mei, na leo unaitwa Tata Raphaël.

Mwajiri alikuwa mlango wa tatu, na kwa watu wa Kasongo na Kabambare huenda ndio uliokuwa mpana kuliko yote. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906 kuchimba shaba, ilitafuta wafanyakazi hadi Lomami na Maniema, na safari ya kijana aliyeandikishwa Kasongo miaka ya 1920 inaweza kufuatwa kituo kwa kituo: angevuka Lualaba na kupanda reli ya Kindu na Kongolo iliyofunguliwa mwaka 1911, kisha angesafiri kwa meli ya mtoni hadi Bukama, na kutoka Bukama, iliyofikiwa na reli ya kusini mwaka 1918, angeteremkia Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo na kuanza kuwapa wafanyakazi mikataba mirefu, nyumba, shule na ruhusa ya kuishi na wake zao, na kambi za wafanyakazi zikapata kizazi cha watoto waliozaliwa mjini ambao jioni zao zilihitaji kujazwa. Wamisionari wa Kibenediktini walizijaza kwa mpira. Klabu inayoitwa leo TP Mazembe ilitokana na shule yao ya Saint-Boniface mwaka 1939. Kila chama cha michezo kilichofanikiwa kilileta mpinzani wake, kwa kuwa mitaa ilikuwa karibukaribu na mishahara ilifika kwa wakati.

Katika mji huo wa Élisabethville ndiko alikozaliwa Sumbu Kalambay tarehe 10 Aprili 1956, mwanandondi ambaye kwa ustadi halisi anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa na Wakongo wenyewe. Kalambay alihamia Italia, akachukua huko jina la Patrizio, na tarehe 23 Oktoba 1987 mjini Livorno alimshinda kwa pointi Mmarekani Iran Barkley na kuutwaa ubingwa wa dunia wa WBA katika uzani wa kati. Machi 1988 alimshinda Mike McCallum, Mjamaika ambaye hakuwa amewahi kupoteza pambano, kwa miguu myepesi na ngumi ya mbele ya kushoto iliyofika kabla mwenzake hajajipanga, staili aliyoijenga kwa kumwiga Muhammad Ali bila kificho. Mwaka uliofuata Michael Nunn alimwangusha katika raundi ya kwanza, na kwa bahati mbaya ni ngumi hiyo moja inayoonyeshwa mara kwa mara. Historia yake ina funzo la kijiografia: bingwa wa kwanza mkubwa aliyezaliwa Kongo alitoka katika mji wa migodi, na hata yeye ilibidi avuke bahari ili apate wapinzani wa kutosha.

Ali mwenyewe alikuwa amekwisha kufika Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire. Pambano lake na George Foreman lilipangwa kufanyika tarehe 25 Septemba 1974, likaahirishwa kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, na hatimaye likafanyika tarehe 30 Oktoba katika uwanja wa 20 Mei. Serikali ya Rais Mobutu ilitoa dhamana ya fedha zilizomwezesha promota Don King kumwahidi kila mpiganaji dola milioni 5, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kusikika katika mchezo huo, na nchi ikajitangaza kwa dunia kwa mabango na tamasha la muziki la siku tatu. Foreman, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa ameshinda mapambano 40 bila kushindwa hata moja, 37 kati yake kwa nokauti, yaani kwa mpinzani kushindwa kuendelea. Ali alikuwa na miaka 32 na alikuwa amepoteza miaka yake bora baada ya kunyang'anywa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda vitani Vietnam.

Kengele ililia saa kumi usiku kwa saa za Kinshasa, ili watazamaji wa Marekani waone pambano jioni yao. Kwa kuwa Maniema iko mbele kwa saa moja, Kasongo ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, ndani ya wakati wa sala ya asubuhi. Upatano huo wa saa ni wa bahati tu, lakini una maana yake katika mji ambao ndio kitovu cha kale cha Uislamu nchini Kongo. Kwa miongo mingi utawala wa Kibelgiji uliwatazama Waislamu wa Maniema kwa shaka, ukavibana vyuo vyao vya Kurani na kuziachia misheni za Kikristo shule zilizofungua milango ya kazi. Jumuiya yao ya kitaifa, inayojulikana kwa kifupi cha COMICO, ilipata umbo lake mwaka 1972 tu. Miaka miwili baadaye mtu mashuhuri kuliko wote aliyekuja kwa mwaliko wa serikali alikuwa Mwislamu aliyelikana jina la Cassius Clay mwaka 1964, katika nchi ambayo yenyewe ilikuwa imewaamuru raia wake mwaka 1972 kuyaacha majina ya ubatizo ya Kizungu. Sera ya Mobutu ya uhalisi wa Kiafrika ilikuwa na unafiki mwingi ndani yake, lakini kwa jambo hilo moja ilimpata mgeni aliyelingana nayo.

Kuhusu mbinu, pambano lenyewe ni somo ambalo walimu hulipenda na ambalo anayeanza hapaswi kuliiga. Kwa raundi nyingi Ali aliegemea kamba za ulingo, jukwaa la mraba ambamo wanandondi hupigania, akauficha uso nyuma ya glovu na viwiko mbele ya mbavu, akamwachia Foreman atupe ngumi nzito ambazo nyingi ziliishia mikononi na mabegani. Mbinu hiyo ilifaa kwa sababu Foreman hakuzoea kufika mbali kiasi hicho, joto lilikuwa kali, na Ali aliweza kuisoma ngumi kabla haijatoka begani. Sekunde za mwisho za raundi ya nane zilipokaribia alijinasua kwenye kamba, akapiga mfululizo wa ngumi uliomalizika kwa mkono wa kulia usoni, na Foreman akaanguka kwa kuzunguka. Mwamuzi Zack Clayton alimaliza kuhesabu zikiwa zimebaki sekunde mbili. Vijana wengi wa kizazi kile walianza kwa kuegemea ukuta wakisubiri kupigwa, jambo ambalo halijamsaidia mtu yeyote asiye Ali.

Nyota ya usiku ule haikugeuka kuwa klabu mikoani. Uchumi wa Zaire ulianza kuporomoka baada ya bei ya shaba kuanguka na baada ya serikali kutaifisha biashara ndogondogo, barabara zikaachwa, na Maniema, iliyokuwa wilaya ya Kivu hadi ilipofanywa mkoa unaojitegemea mwaka 1988, ikazidi kutegemea reli yenye safari za kubahatisha, baiskeli na ndege. Vita vya 1996 na 1998 viliwageuza vijana kuwa wapiganaji wa aina nyingine, na Kabambare, yenye dhahabu huko Namoya na Salamabila, imeendelea kuteswa na makundi yenye silaha. Kinshasa kwa upande wake ilibaki na ndondi lakini ikapata pia magenge ya kuluna, na wakazi wengi wakaanza kuwaona wanamichezo wenye misuli kama wanagenge watarajiwa. Oparesheni ya polisi ya kuwasaka kuluna, iliyoanza Novemba 2013, ilipewa jina la Likofi, ambalo kwa Kilingala ni ngumi, na shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba watu wasiopungua 51 waliuawa ndani yake.

Shaka hiyo dhidi ya ndondi haikuanzia Kinshasa. Zanzibar, mahali pale walikotoka waanzilishi wa Kasongo ya biashara, ilizipiga marufuku mwaka 1964 chini ya Abeid Amani Karume, na marufuku hayo yakadumu hadi enzi za Rais Hussein Ali Mwinyi, wakati ng'ambo ya pili ya bahari Tanzania Bara ilikuwa na Titus Simba aliyepata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970 mjini Edinburgh, na Kenya ilikuwa na Robert Wangila aliyechukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988 huko Seoul. Mfano unaopinga shaka hiyo uko karibu zaidi na Maniema. Mjini Goma, mwanandondi anayejulikana kama Kibomango, aliyewahi kuwa askari mtoto na aliyepoteza jicho, amekuwa akiwafundisha vijana, wakiwemo waliotoka kwenye makundi ya silaha, na mazoezi yake yameonyesha kwamba mtu aliyezoea bunduki hutulizwa zaidi na mchezo wenye mwamuzi kuliko na hotuba. Wanawake pia wameingia: filamu ya Victoire Terminus ya mwaka 2008 ilifuata mabondia wa kike waliofanya mazoezi chini ya majukwaa ya uwanja wa Tata Raphaël, na mwaka 2024 Marcelat Sakobi, baada ya kushindwa pambano lake la Olimpiki mjini Paris, aliziba mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mwingine kichwani kama bastola, ili dunia ikumbushwe vita vya mashariki mwa Kongo.

Namna ya kumwingiza mwanafunzi katika mchezo imebadilika kidogo sana tangu zama za kambi, na hugharimu kidogo kuliko inavyodhaniwa. Wiki za mwanzo mwanafunzi hampigi mtu. Hufundishwa kusimama, mguu wa kushoto ukiwa mbele kwa anayetumia mkono wa kulia, magoti yakiwa laini, kidevu chini na viwiko vikilinda mbavu; kisha hufundishwa kutembea bila kupishanisha miguu, kuruka kamba, na kupiga kivuli, yaani kurusha ngumi hewani mbele ya mpinzani wa kufikirika huku mwalimu akisahihisha. Ngumi ya kwanza ni ile ya mkono wa mbele, iliyonyooka, ambayo hupima umbali na kumsumbua mpinzani, na mwalimu mzuri huweza kumwacha mwanafunzi na ngumi hiyo moja kwa mwezi mzima.

Ufundi wa vifaa una siri ndogondogo ambazo anayejifunza peke yake huzigundua kwa maumivu. Mfuko wa kupigia ukijazwa mchanga mtupu, mchanga huteremka na kushikana chini hadi sehemu hiyo ikawa ngumu kama jiwe na kuviumiza vifundo vya mikono. Kwa hiyo hujazwa matambara yaliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, na kama uzito unahitajika, kifuko kidogo cha mchanga huwekwa katikati ya matambara hayo. Bendeji ya mkono, ambayo inaweza kukatwa kutoka kwenye kitambaa imara cha pamba chenye urefu wa mita tatu au nne, huanzia kwenye kidole gumba, huzunguka kifundo mara kadhaa, hupita juu ya vifundo vya vidole, huingia katikati ya vidole na kurudi kufungwa kifundoni. Kazi yake ni kuishika mifupa midogo ya kiganja isiachane wakati wa kugonga, na anayedhani inaongeza nguvu ya ngumi ataifunga vibaya. Glovu za mazoezi ya watu wawili huwa nzito, mara nyingi za wakia 16, karibu gramu 450, kwa kuwa unene wake humlinda anayepigwa, na kwa sababu ya bei jozi moja huweza kupita mikononi mwa wengi kwa zamu, ilimradi kila mmoja awe na bendeji na kinga ya meno ya kwake.

Swali la afya halipaswi kuachwa mlangoni. Mwaka 1928 daktari Mmarekani Harrison Martland alieleza kitabibu hali ya wanandondi waliolemaa mwendo na akili kwa kupigwa kichwani miaka mingi, na utafiti uliofuata umeithibitisha hatari hiyo badala ya kuipunguza. Ndiyo maana klabu hupimwa kwa jinsi inavyoendesha mazoezi ya watu wawili: mwalimu anayesimamisha zoezi mara kichwa kinapotikisika, anayempumzisha aliyeangushwa kwa wiki kadhaa na asiyemweka kijana wa miezi mitatu mbele ya mkongwe, huyo anafaa hata kama kiwanja chake hakina ulingo. Anayefurahia damu ya wanafunzi wake aachwe mapema.

Kwa mujibu wa mpangilio wa michezo nchini Kongo, klabu hujiunga na entente, yaani umoja wa klabu za mji au eneo, entente hujiunga na ligi ya mkoa, na ligi huwa chini ya shirikisho la taifa lililoko Kinshasa, na sheria ya michezo ya mwaka 2011 ndiyo inayotoa msingi wa ngazi hizo. Kijana wa Kasongo au Kabambare anayetafuta pa kuanzia huuliza kwanza pale ambapo historia imeweka mazoea ya mazoezi ya pamoja, yaani kambi ya askari au polisi, parokia, shule yenye mwalimu wa michezo, na askari wastaafu waliorudi kutoka Lubumbashi, Bukavu au Kinshasa. Ngazi ya juu ya ligi iko Kindu, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo kwa barabara ambayo wakati wa mvua huamua yenyewe nani afike.

Ugumu wa mwisho ni wa hesabu. Ndondi hugawa watu kwa uzani, na katika ndondi za ridhaa, yaani zile za wasiolipwa, mtu wa kilo 57 hapangwi na wa kilo 71, kwa hiyo klabu yenye vijana sita inaweza kukosa hata jozi moja ya kupigana kihalali. Klabu za Lubumbashi katika zama za kampuni zilimaliza tatizo hilo kwa kutembea mtaa wa pili. Kusini mwa Maniema mtaa wa pili ni mji wa pili: Kasongo yenye vijana wanane na Kabambare yenye saba zinaweza kupata mapambano manne au matano ya haki kati yao mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Juni na wa Julai wakati wa kiangazi pikipiki zinapopita bila kukwama, ikiwa walimu wa pande zote mbili wataandikiana mapema uzani wa vijana wao.